Mjane wa Kinu na Mama Mkwe Wangu

Jumapili, 10 Machi 1957

Mvua imeanza leo katikati ya ibada, na nusu ya waumini wametoka mbio kwenda kuanua mtama wao. Mchungaji amebaki na wazee wasioweza kukimbia.

Naanza daftari hili kwa sababu nyumba iko kimya. Mke wangu Amulen amekwenda kwa mama yake, amsaidie kulima na kupika, maana macho ya mama yanafifia. La kushoto limekwisha kwa mtoto wa jicho. La kulia, daktari wa misheni anasema, huenda lisifike mavuno. Hospitali kubwa wangeweza kulipasua, lakini mama hataki kusikia habari ya kisu. Naandika kwa Kiswahili nilichojifunza jeshini. Mwalimu mkuu anasoma Kiingereza, Amulen anasoma Kiteso, na mimi nataka mahali pangu pa kunung'unikia.

Baada ya ibada nimepanda baiskeli mpaka kwao, maili nne kutoka hapa Malaba. Sisi Wateso mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Akitokea njiani, wewe unaingia vichakani, hata kama vichaka vina upupu. Miaka sita nimemwoa bintiye na uso wake siujui. Namjua kwa kikohozi. Kwa hiyo nimekaa nje, nimeegemea ukuta wa jikoni, Amulen karibu yangu akichambua maharage, na mama mkwe Akurut ndani, nyuma ya ukuta. Ili saa zisonge nimemsomea Amulen kitabu changu, nikikigeuza Kiteso hapo hapo.

Kitabu hiki niliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Kiliandikwa zamani, kabla reli haijafika huku. Nyota inaanguka katika bonde la Ulaya, na ndani yake kuna mgeni wa ulimwengu mwingine. Anajificha katika nusu iliyobomoka ya nyumba ya kinu, kile kinachozungushwa na maji ya mto kusaga ngano. Nusu nyingine anakaa mjane mwenye kinu. Mgeni hawezi kutazamwa, kwani nguvu ya macho ya watu wa dunia inamuunguza. Basi wanaongea kupitia ukuta wa mbao majira yote ya baridi, hawaonani. Padri aliandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba hajapata kusoma hadithi ya kutisha kuliko hii. Mimi nimeisoma mara tisa, na kila mara natishika upya.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Darasa la nne linavuja juu ya ubao wa kuandikia.

Jumapili, 17 Machi

Nimesoma sura ya tatu na ya nne. Pale mjane anaposikia sauti ya kwanza kutoka upande wa pili wa ukuta, nilishusha sauti ikawa nyembamba, kama ninavyowafanyia wanafunzi mpaka wasichana wanashikana mikono. Ndani ya jikoni mama mkwe akacheka. Kicheko kizima cha tumbo.

Nikaendelea. Mgeni anamwambia mjane, "Usinitazame, nitakufa." Akacheka tena.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Nilijua ni mwanamke mkali, Amulen alishaniambia, lakini sikujua kwamba ana dharau. Asiyekujua hakuthamini.

Alhamisi, 21 Machi

Kifungo cha pili cha shati langu la Jumapili kimekatika nilipokuwa nasukuma baiskeli kwenye tope. Amulen hayupo. Nimebana na pini.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimejifunza jambo, na limeniuma kidogo kwa sababu mimi ndiye mwalimu.

Amulen alikuwa amekwenda kisimani. Kwa desturi mama mkwe haniambii neno moja kwa moja. Anamwambia Amulen, na Amulen ananirudishia, hata kama mimi nimeshasikia kila kitu. Leo Amulen hayupo, na mama ana jambo linamwasha. Akamsemesha kuku.

"Wewe kuku," nikamsikia ndani, "huyo mwalimu anayesoma hapo nje, kwa nini anasoma kwa sauti ya mtu anayeogopa?"

Nikamwambia mbwa aliyelala miguuni pangu, "Wewe mbwa, hadithi yenyewe ni ya kutisha. Mjane anaishi na kitu asichokiona."

"Kuku, umesikia? Anasema ni ya kutisha. Mgeni amefika kwa mtu, amekaa upande wake, hajachungulia, anabisha kabla ya kusema. Mwenye nyumba naye anapitisha chakula chini ya mbao, amegeuza uso. Sasa kinachotisha ni nini? Hao wawili ni watu wenye adabu. Mimi nilikuwa nacheka kwa furaha, kwamba kumbe hata Ulaya kuna watu waliolelewa."

Mbwa hakunisaidia. Nilikaa na kitabu mapajani, na kwa mara ya kwanza baada ya kukisoma mara tisa nikaona kwamba padri alikielewa vibaya, na mimi nilimfuata. Tulidhani ukuta ule ni hofu. Ukuta ule ni heshima! Mwandishi amelikazia hilo kila mahali, mjane anafunga kilemba kabla ya kuongea na mgeni ambaye hamwoni, mgeni anashukuru kwa kila kipande cha mkate. Nilipitia yote hayo mbio, nikitafuta mahali pa kutisha.

Amulen aliporudi na mtungi akakuta mimi na mama yake tumenyamaza kabisa, na kuku na mbwa wamechoka.

Jumapili, 31 Machi

Mto Malaba umefurika, daraja la miti limekwenda. Sikusoma.

Jumapili, 7 Aprili

Nimezungukia daraja la reli, maili saba, nimefika nimelowa, nimemaliza kitabu.

Mwisho wenyewe ni huu. Watu wa bonde wanakuja na moto kuichoma nyumba ya kinu. Njia pekee ya mgeni kutoka ni kupitia chumba cha mjane. Anamwomba afumbe macho. Mjane anakaa kwenye kiti, anafumba. Anasikia hatua. Anasikia joto likipita shavuni, likisimama kidogo, likiondoka. Anapofumbua, mlango uko wazi na theluji inaingia. Hakuona kitu, na mwandishi hatuambii kama alitamani. Kitabu kinaishia hapo, kwa sentensi fupi kuliko zote.

Kisha mama mkwe akamwambia Amulen, "Mwambie huyo mwandishi ahsante."

"Mama, amekufa zamani."

"Basi mwambie mwalimu ampelekee."

Halafu Amulen akanisindikiza mpaka njiani, akaniambia mama ameuliza swali moja ambalo hakutaka nilisikie. Ameuliza uso wa yule mjane ulikuwaje wakati joto linapita. Kitabu hakisemi, nimetazama.

Ijumaa, 12 Aprili

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Leo Ofumbi, dereva wa gari la sinema kutoka Tororo, amesimama shuleni kuomba maji ya rejeta. Ofumbi ni Mpadhola, mnene, mcheshi, na Kiswahili chake ni cha barabarani.

"Mwalimu, hii mara naleta sinema moja kubwa. Iko mwanamke ya kinu na mutu ya nyota. Kwa Tororo watu walilia!"

Nikamshika mkono. Nikamwonyesha kitabu. Akatazama picha ya jalada, akapiga kofi.

"Ni yeye! Basi wewe ndio utafasiri. Mutu yangu ya kufasiri iko na malaria."

Nimekubali, lakini moyo wangu haukupenda. Ninawajua watu wa sinema. Watamwonyesha mgeni na pembe na macho matatu. Watamfanya mjane awe msichana wa miaka kumi na minane, na watatia farasi.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Nilifanya kosa la kumwambia Amulen, na Amulen akamwambia mama. Sasa mama mkwe anataka kwenda.

"Kitabu nimekisikia," alisema ndani, akimwambia Amulen kwa sauti ya kumfikia jirani. "Uso wa huyo mwanamke nataka kuuona kabla jicho hili halijafunga. Nimeona nyuso za kutosha za watu waliofumbua macho. Wa kufumba kwa heshima sijauona."

Kaka yake Amulen, Ilukor, alikuwapo. Ilukor ndiye mwenye boma tangu baba yao afe, na ni mtu wa kushika desturi mpaka desturi yenyewe inaomba ipumzishwe. Alikataa. Alisema mimi nitakuwa nimesimama mbele ya watu na kipaza sauti, na mama atakuwa hapo hapo, uwanja mmoja, na hilo halijatokea katika ukoo wao. Wakionana, alisema, mwalimu asikanyage hapa tena mpaka wazee wakae, na wazee hawakai wakati wa palizi.

"Nitakaa upande wa wakwe," mama akasema.

Kila mtu hapa Malaba anajua upande wa wakwe. Ofumbi hatundiki kitambaa chake ukutani. Anakisimamisha katikati ya uwanja wa stesheni kwa nguzo mbili, na watu wanakaa pande zote mbili, maana mwanga unapenya. Wanaopaswa kuepukana wanagawana kitambaa. Kwa nyuma picha zinaonekana zimegeuka, maandishi yanakwenda kinyumenyume na kila mtu ni wa mkono wa kushoto, lakini adabu imebaki mahali pake. Ofumbi aliniambia hajaona mji mwingine unaofanya hivyo.

Mwishoni Ilukor alikubali, ila atakaa naye mwenyewe, na mimi nisivuke nguzo kwa sababu yoyote ile.

Mama mkwe akapiga vigelegele jikoni. Sikujua kwamba nitafurahi namna ile. Nilimwita mwanamke wa dharau, katika daftari hili hili, na leo naogopa mvua isije ikamharibia.

Alhamisi, 25 Aprili

Ofumbi amenipa karatasi za maneno ya sinema nijiandae. Karatasi za mwisho hazipo, amefungia samaki. Nimesoma zilizopo na nimekasirika mara kadhaa. Kurasa thelathini za baridi zimekuwa mistari minne. Ile hotuba nzuri ya mgeni kuhusu hesabu za nyota imekatwa yote. Na wameongeza mbwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Mawingu upande wa Tororo. Nimesali bila aibu.

Jumapili, 28 Aprili

Naandika ya jana.

Jua lilipozama tu Ofumbi akawasha jenereta. Uwanja ulijaa: wafanyakazi wa reli, Wasamia waliotoka Busia na mizigo yao, wanawake wa soko, shule yangu nzima. Nilisimama kando ya kitambaa, upande wa mbele, na kipaza sauti. Nyuma ya kitambaa, kiti cha kwanza, nilijua nani amekaa, kwa sababu nilikisikia kikohozi.

Nilikuja kwa nia ya kukosoa. Nilidumu dakika kumi.

Kwanza, mjane hakuwa msichana. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kazi, na unga ulikuwa umeingia kwenye mikunjo ya vidole vyake usitoke. Kitabu kinatumia kurasa thelathini kutuambia kwamba majira ya baridi yalikuwa marefu. Sinema ilionyesha mikono ile, mara ya kwanza ina unga kidogo, kisha ina unga mpaka viwiko, kisha inapasuka kwa baridi, na watu mia tatu waliosimama kwenye tope la Malaba, ambao hawajaona theluji, wakakunja mabega. Sikuwa na la kufasiri. Nikashusha kipaza sauti nikatazama nao.

Pili, mgeni hawakumwonyesha. Nawavulia kofia. Katika sura ya kumi na moja mgeni anampa mjane ua la kwao, naye akilitazama tu linakuwa majivu, na mwandishi anaeleza kwa nini, kwa hesabu, mpaka mimi mwenyewe huwa naruka. Hapa mkono wa mjane uliingia chini ya mbao, ukatoka na kitu kimefunikwa. Akafunua. Akatazama. Majivu. Basi. Mwanamke mmoja wa soko akasema kwa sauti, "Aa, jamani, angelipokea amegeuza uso!" na uwanja mzima ukamkubalia. Nilifikiri, watu hawa wanakijua kitabu kuliko mimi niliyekisoma mara kumi.

Kitu kimoja nilikikosa. Kitabuni mjane ana mawazo yake, ana utani, anamsema vibaya marehemu mumewe kwa upendo. Sinema haiwezi kuingia kichwani mwa mtu. Lakini yule mbwa niliyemlaani alifanya kazi hiyo. Mjane alimwambia mbwa mambo ambayo hawezi kumwambia mgeni, na mgeni nyuma ya mbao akawa anasikia. Nilisikia kicheko cha tumbo kutoka nyuma ya kitambaa, na mimi nikacheka kwenye kipaza sauti, na watu wengine wakacheka bila kujua sisi wawili tunacheka nini.

Mkanda wa tatu ulikuwa unakaribia kwisha, watu wa bonde wanawasha moto wao, upepo ulipokuja.

Haukuja kidogo kidogo. Nguzo ya kulia ililalia upande, kamba ikakatika, kitambaa kikaruka. Niliona kinakwenda na sikufikiri kitu kingine ila kwamba hajauona uso. Nikakirukia. Nikashika pembe, nikavutwa, nikazunguka nguzo, na nilipopata kusimama imara nilikuwa upande wa wakwe.

Alikuwa hatua mbili mbele yangu, kwenye kiti. Mwanga wa mashine ulitupiga ubavuni, mweupe kuliko mchana. Ni mwanamke mdogo. Sijui kwa nini nilimfikiria mrefu. Ana pengo kama la Amulen katika meno ya juu, na mdomo ulikuwa wazi kidogo. Uso wake ulikuwa umenielekea. Tulikaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, labda mbili.

"Mmeonana!" Ilukor alisema. Hakupiga kelele, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza. Wanawake walifunika midomo. Nilifikiria jikoni, ukuta, Jumapili zangu, nikaona zimekwisha.

Mama mkwe akanyoosha mkono hewani, akapapasa.

"Nani kaonana na nani?" akasema. "Ilukor, uko wapi? Mbona giza? Sinema imezimika? Nipe mkono, mwanangu, mimi sioni hata moto."

Jenereta ilikuwa inanguruma na mwanga umemjaa usoni. Mtu mmoja akaguna. Halafu yule mwanamke wa soko akasema, "Masikini, jicho limekwisha," na wengine wakasema masikini, masikini, na Ilukor akabaki ameshika mkono wa mama yake hajui la kufanya na hasira yake. Asiyeona hakuona. Hata yeye hakuweza kulipinga hilo.

Nikarudi upande wangu kinyumenyume. Mvua ikapiga. Ofumbi akafunika mashine, watu wakatawanyika, na mkanda wa mwisho haukuonyeshwa.

Jumatatu, 29 Aprili

Sikulala vizuri. Kwa hiyo jicho limekwisha, na limekwisha kabla hajauona uso wa mjane. Zilibaki dakika ishirini tu. Nimelia, naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ofumbi yuko Busia kesho. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Shule imefungwa, baiskeli ninayo. Kama hawezi kuuona, nitauona kwa niaba yake na nitamwambia.

Jumatano, 1 Mei

Nimerudi. Miguu si yangu.

Njia ya Busia yote ni tope jekundu. Karibu nusu ya njia nilibeba baiskeli ambayo ingepaswa kunibeba. Ofumbi aliponiona akaweka mikono kichwani.

"Wewe mwalimu iko wazimu! Umekuja kuangalia kitu umeshasoma?"

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mkanda wa mwisho. Akanipa sanduku nikalie karibu na mashine, akanipa na chai.

Basi sehemu ile ikafika. Mjane anakaa kwenye kiti. Anafumba macho. Kitambaa chote, kutoka nguzo mpaka nguzo, ni uso wake. Hakuna muziki. Hatua zinasikika. Na mwanga unaanza kumpita usoni, polepole, kutoka sikioni kuja shavuni, na unapofika kwenye shavu unasimama, na ngozi ya uso ule inaupokea mwanga mpaka kila kikunjo kinaonekana, umri wake wote. Nimesoma sentensi za pale mara kumi na niliapa hakuna mtu atakayeziongezea kitu. Zimeongezewa. Kama mwandishi angekuwa hai ningetaka akae karibu yangu juu ya sanduku lile.

Halafu wakaharibu. Halafu akafumbua macho!

Sikuamini. Alifumbua, jicho moja kwanza, kidogo, kisha yote mawili, akatazama. Na mgeni hakuungua. Ndani ya mboni yake tuliona mwanga mdogo umesimama, ukatulia, kisha ukaondoka mzima. Wasamia wakapiga makofi. Mimi nilisimama nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba huo ni uongo, mtu akanivuta shati nikae.

Majira yote ya baridi amemheshimu, halafu dakika ya mwisho anamchungulia? Kitabu kizima kimejengwa juu ya macho yaliyofumbwa. Ukiyafumbua umebomoa nyumba. Nilimwambia Ofumbi hayo usiku uleule na akaniuliza kama nataka chai nyingine.

Jumapili, 5 Mei

Nilikuwa na hofu Ilukor atanizuia, lakini alinisalimu vizuri, hata akanishika bega. Kipofu hana wa kuepukana naye, alisema, ila tuendelee tu kama kawaida kwa ajili ya adabu. Nimeegemea ukuta wangu.

Nimemwambia mama mkwe yote, kupitia kwa Amulen. Nimemwelezea uso, kikunjo kwa kikunjo, karibu saa nzima. Kisha nikamwambia Amulen, ili amwambie mama, kwamba mwishoni wamekosea, kwamba mwanamke alifumbua macho, na mimi kama mwalimu siwezi kuukubali mwisho huo, kwa sababu mtu mwenye heshima hafumbui.

Nikamsikia mama mkwe anakohoa, anatafuta kitu ndani ya sanduku.

"Mama anasema atafikiri," Amulen akaniambia.

Alhamisi, 9 Mei

Palizi imeanza. Mtama umefika magotini.

Jumapili, 12 Mei

Mvua kubwa, sikwenda. Jioni Amulen amekuja mwenyewe kuchukua nguo zake za shamba. Kabla hajaondoka akatoa kitambaa kidogo kilichofungwa fundo.

"Mama kasema hili ni jibu lako la sinema. Kasema nisiulize."

Nimefungua Amulen alipokuwa amekwenda kumwita mbuzi. Ndani kuna kifungo. Ni kifungo cheupe, kikubwa, cha bega la gomesi, lile gauni refu la kina mama. Gomesi ya mama ina viwili tu, nimeviona mara mia vikianikwa kwenye kamba.

Nilikaa nacho mkononi nisielewe, labda dakika tano. Halafu nikatazama shati langu la Jumapili, limetundikwa msumarini, na pini yake kifuani, mahali pa kifungo cha pili. Shati nililovaa usiku wa uwanjani. Jumapili zote nimekaa nimempa mgongo kupitia ukuta, na Amulen nimemficha pini kwa tai, kwa aibu. Uwanjani, na joto la watu, nilikuwa nimeivua tai.

Aliona.

Jicho lilikuwepo. Mwanga ulikuwa umemjaa usoni na alinitazama, akanitazama vizuri kiasi cha kuhesabu vifungo, na hapakuungua kitu. Kisha akanyoosha mkono gizani ambako hapakuwa na giza, akasema haoni hata moto, ili mimi niendelee kuja Jumapili.

Namwandikia mwenye sinema, ambaye simjui na hatasoma: nisamehe. Ulikuwa sahihi.

Jumapili, 19 Mei

Nimeshona kifungo mwenyewe, vibaya, kwa uzi mweusi. Amulen alikiona nilipofika. Akatazama kifungo, akatazama mlango wa jikoni, ambako ndani gomesi ya mama bila shaka imefungwa begani kwa pini. Alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea na maharage. Naona naye amelelewa.

Ameniambia jicho la kulia limefunga Alhamisi. Safari hii ni kweli. Mama aliamka, akauliza kama kumekucha, na kulikuwa kumekucha zamani. Hakulia. Aliomba uji.

Huzuni yangu siwezi kuiandika yote. Lakini ninajua kitu ambacho Ilukor hajui, na sitamwambia. Akiniuliza kama mimi nilimwona mama yake, nitasema upepo ulinitia vumbi machoni.

Ndani mama mkwe akakohoa. "Amulen, huyo mwalimu amekaa?"

"Amekaa, mama."

"Shati lake linamkaa vizuri?"

Amulen akanitazama. "Sasa linamkaa."

"Basi aanze tena, mwanzo kabisa, nyota inapoanguka. Na asisome kwa kuogopa."

Nikauegemea ukuta, nikafungua ukurasa wa kwanza.